Miaka Saba ya Kuambiwa Pumzika

Nisije nikasikia mtu anasema nasimulia habari za Jamilah kwa sababu nampenda. Simpendi. Ni mkaidi, ana sauti ya kukwaruza masikio, na mwaka wa 2017 alimwaga sufuria nzima ya nyama kwenye matanga ya mama mkwe wangu, mbele ya wageni waliotoka Arua na Bombo. Ng'ombe mzima alilala mavumbini. Mbwa wa Koboko walikula matanga yale kuliko sisi. Sijasahau, na sina nia ya kusahau.

Mimi ni Rabia, ila mtaani kwetu wote wananiita Mama Abdunoor. Sisi ni Wanubi wa Koboko mjini, wajukuu wa askari wa Sudan, na kelele za kambini hazijatutoka mpaka leo. Kwetu ikitokea arusi au matanga hatukodi mpishi. Wanawake wanakuja asubuhi, wananawa mikono, wanasimama uani, na mkubwa wa jiko anagawa sufuria kwa majina. Pilau, fulani. Nyama, fulani. Bamia, fulani. Mkubwa wa jiko ni mimi, huu mwaka wa kumi na tisa.

Ukiitwa jina unajifunga leso kiunoni na kwenda kwenye mafiga yako, na ukikosea siku hiyo utanisikia. Nikisema chumvi imezidi, basi imezidi. Nimewaliza wanawake wenye wajukuu. Wananuna, wananisengenya wiki nzima, halafu arusi inayofuata wamo uani wamenawa mikono tena. Mwanamke asiyeitwa sufuria mtaani kwetu hahesabiwi kuwa mwenyeji.

Jamilah binti Sulaiti alikuwa na sufuria ya nyama tangu ana miaka ishirini na minne. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo nalikubali hata leo. Siku nyingine alisuka tabaga, yale makawa ya ukindu wa rangi ya kufunikia sinia, na mumewe alikuwa fundi wa magari. Mwaka ule wa 2017 walimzika mtoto wao wa miaka miwili. Tangu hapo Jamilah akaacha kulala. Tulimwona anakonda, anaongea na kuta, tukasema ni huzuni, itapita. Siku ya matanga ya mama mkwe alisimama juu ya sufuria yake akapiga kelele kwamba nyama ina sumu, kwamba tunataka kuwamaliza watoto wa mtaa mzima. Akaishika sufuria kwa mikono mitupu akaiinamisha. Aliungua mpaka viwikoni. Sisi tukalilia nyama.

Tulimfunga. Kamba nilitoa mimi, kamba ya bluu ya kufungia mbuzi. Alifungwa kwenye nguzo ya chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake Abiriga. Shehe alisoma, mzee wa mizizi akaleta mizizi, na sisi tukaleta maneno. Siku ya kumi na mbili akaja afisa wa afya, hakusalimia hata mtu, akaikata kamba kwa kisu na kumpeleka Arua, wodi ya wagonjwa wa akili. Alikaa huko wiki sita. Talaka ilimkuta huko huko, kwa simu.

Alirudi na akili zake. Mikono ilikuwa ikitetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, basi. Arusi ya kwanza baada ya hapo alikuja uani amebeba mwiko wake, akanawa, akasimama na wenzake. Nikagawa sufuria zote. Alipobaki peke yake pale katikati, nikamwambia kwa sauti laini ambayo mimi huwa sina, "Wewe pumzika, mama."

Niliona nimemtendea wema, na kila mtu aliona hivyo. Akaenda kukaa mkekani pamoja na vikongwe na watoto wanaonyonya. Arusi ya pili akaja tena na mwiko wake. Pumzika, mama. Kwa miaka saba hakukosa hata shughuli moja, na kila mara alinawa mikono kwanza, na kila mara maji yale yalikauka bure. Mimi nilimwona ni king'ang'anizi.

Wala haikuwa jikoni tu. Akisuka kawa likapinda, mnunuzi alisema nzuri sana, akalichukua na kuondoka haraka. Akisema leo Jumanne na ni Jumatano, watu walisema naam, Jumanne. Mtaa wetu hauna mtu mwenye ulimi mfupi, tunagombana kwa sababu ya kivuli cha kamba ya kuanikia nguo, lakini Jamilah hakuna aliyegombana naye. Hakuambiwa hata kwamba leso yake imechanika nyuma.

Baadaye watu wa afya wakatafuta wale waliowahi kuugua wakapona, wawafundishe kukaa na wagonjwa wengine majumbani. Jamilah akawa wa kwanza kujiandikisha. Mtaani wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nilicheka nao. Alipewa mkoba na kitambulisho cha kuvaa shingoni, akaanza kupanda boda kwenda vijijini. Huko alifukuzwa vizuri tu. Nyumba moja walimwagia maji ya vyombo. Nyumba nyingine walisema anaeneza ugonjwa wake kama biashara.

Habari za kazi yake nilizipata sokoni kutoka kwa Driciru, Mlugbara wa Abuku anayeniuzia mihogo. Mumewe, Drani, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala tangu mavuno. Driciru alinisimulia akiwa bado na hasira.

"Huyo mwanamke yenu anakuja, hapana uliza mimi kitu," alisema. "Anakaa chini, mbali kidogo. Anaambia bwana yangu, 'Mimi Jamilah. Mimi nakaa hapa. Mimi hapana shika wewe.' Halafu anauliza, 'Wewe unataka nini leo?' Anauliza mutu ya wazimu anataka nini!"

"Na yeye akasema nini?"

"Anasema anataka kulima."

Ndugu za Drani walikataa, na nani angewalaumu? Kumpa jembe mtu aliyemkimbiza kaka yake na panga. Jamilah hakubishana. Alikaa mpaka jua likaegemea, akarudi kesho yake, na kesho kutwa akaja na mhudumu wa kituo cha afya mwenye dawa. Drani alipoanza kulala usingizi, wakakubaliana mambo: kamba itoke, ndugu wawili wasimame pembeni, jembe liwe fupi, na Jamilah alime mstari wa pili ubavuni kwake. Alilima, yeye mtoto wa mjini! Driciru alisema mistari ya Jamilah ilikuwa mibaya sana, na Drani, ambaye hakuwa amesema neno la maana tangu mavuno, alisimama akamwangalia, akasema, "Wewe hujui kulima."

Driciru aliponisimulia hilo akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi nikachagua mihogo yangu nikaenda zangu. Niliona ni ujinga tu.

Halafu zamu yangu ikafika.

Binti yangu Faridah ameolewa Arua, na mumewe ni dereva wa lori. Alijifungua mtoto wa kike salama salimini. Wiki ya tatu mumewe akanipigia simu: Faridah halali, hali, anasema mtoto si wake, amebadilishwa. Nikawaambia wamlete kwangu Koboko. Aliposhuka garini hakunisalimia. Alinitazama kama mtu anayetafuta wapi amewahi kuniona.

Niseme ukweli, maana nimeshaanza. Jambo la kwanza nililofikiri halikuwa ugonjwa wa mwanangu. Nilifikiri sufuria. Faridah ndiye mkono wa pilau wa mtaa huu tangu ana miaka kumi na saba, na katika miezi michache kaka yake Abdunoor alikuwa anaoa. Nikasema moyoni, watu wasijue. Nikawaambia majirani ana malaria. Nikafunga mlango wa uani. Shehe akaja akasoma, Mungu ambariki, naye mwenyewe akaniambia nimpeleke hospitali. Sikumpeleka. Hospitali ina macho, na macho yana midomo.

Siku ya nne alijaribu kutoka na mtoto kwenda kumrudisha kwa wenyewe. Nikamnyang'anya mtoto. Nikachukua leso, nikamfunga mkono wa kulia kwenye ubao wa kitanda. Nilijiambia leso si kamba.

Mchana ule Jamilah akaja mlangoni. Hakuna aliyemwita. Alisema amepita barabarani akasikia sauti.

"Mama Abdunoor, mimi nakuja kukaa tu na Faridah."

Kichwa kilinipanda. "Toka! Nyama yangu ulimwaga, sasa unataka kumwaga mutoto yangu? Wewe umeleta hii kitu hapa! Kwenda!"

Nilimtukana yeye, nikamtukana koplo baba yake kaburini, nikafika mpaka kwa babu. Alisikiliza yote. Halafu akasema kitu ambacho sikukielewa siku ile. "Afadhali wewe unanitukana. Wengine wananichekea meno tu."

Akaenda kukaa upande wa pili wa barabara, mkabala na mlango wangu, akatoa ukindu mkobani na kuanza kusuka.

Alikaa pale siku mbili. Jua lilimchoma, mvua ikamnyeshea, akajifunika mkoba na kuendelea. Kila mpita njia aliuliza, Jamilah unafanya nini hapo? Naye alijibu, "Nangoja kuingia kwa Mama Abdunoor." Hakutaja mgonjwa, lakini Koboko nzima inajua Jamilah huwa anangoja kuingia wapi. Malaria yangu ikafa pale pale. Nilimchukia kuliko siku ya nyama. Nilisimama nyuma ya mlango nikimwombea mabaya, na ndani mwanangu alikuwa akilia kwamba mtoto ana njaa, mrudisheni kwa mama yake.

Siku ya pili, alasiri, nilikuwa nampa Faridah maji kwa kijiko. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Akatazama nje kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, huyo mwanamke analoa. Kwa nini hamumfungulii?"

Lilikuwa neno lake la kwanza lenye kichwa na miguu kwa siku sita. Nikaenda nikafungua. Sikumkaribisha, niliacha tu mlango wazi na kumpa mgongo.

Jamilah aliingia, akaona leso kwenye ubao wa kitanda. Hakunigeukia. Alikaa chini sakafuni, chini kuliko kitanda. "Faridah, mimi Jamilah. Nakaa hapa. Sikushiki. Nataka kufungua hii leso. Unakubali?"

Faridah alitikisa kichwa kukubali. Jamilah ndipo akanitazama. "Wewe ulifunga. Wewe fungua."

Nilifungua. Vidole vilinikataa, kwa sababu fundo nilikuwa nimelikaza kwa nguvu zangu zote. Chini yake ngozi ya mwanangu ilikuwa nyekundu. Niliona aibu siku ile, na naiona hadi leo ninaposimulia.

"Sasa," akaniambia Jamilah kwa sauti ya chini, "hapana ambia yeye mara mia, 'huyu mutoto yako, huyu mutoto yako.' Yeye anasikia wewe hapana amini yeye. Sema, 'Naona unaogopa. Mimi niko hapa.' Basi. Halafu nyamaza."

Mimi kunyamaza! Lakini nilisema hivyo, na Faridah akaniegemea.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Arua kwa gari dogo. Mimi nilitaka afungwe, asije akafungua mlango njiani. Jamilah alisema akifungwa yeye anashuka. Akamkalisha Faridah katikati yetu na njia nzima alimweleza kila kitu kabla hakijatokea. Sasa gari itasimama, dereva anaweka mafuta. Sasa kuna askari barabarani, anaangalia karatasi tu. Tulipofika Ombaci, karibu na Arua, Faridah aliona ukuta wa misheni, akasema huko ndiko wanakopelekwa watoto. Jamilah hakusema ni uongo. Alisema, "Unaogopa sana. Unataka tusimame au tupite?" Faridah akasema tupite. Tukapita.

Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu huwashika baadhi ya wanawake baada ya kuzaa, kwamba ni wa haraka na wa hatari, na kwamba unatibika. Nilitamani angeniambia hivyo siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mimi nilikuwa nafunga milango. Faridah alilazwa wiki tatu. Mtoto aliletwa mara kadhaa kwa siku, mbele ya nesi. Mwanzoni hakutaka kumtazama. Jamilah alikuja kila siku mbili kutoka Koboko, na kila alipokuja aliuliza swali lake lile lile, unataka nini leo? Siku moja ni chai yenye tangawizi. Siku nyingine ni kusukwa nywele. Wiki ya tatu Faridah alisema, "Nataka kumwogesha mwanangu." Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la wauguzaji, peke yangu, kwa kelele.

Sasa ningetaka kuwaambia kwamba baada ya hapo nilijifunza. Sikujifunza kitu.

Arusi ya Abdunoor ilikuja miezi minane baadaye, uani kwangu. Wanawake walijaa asubuhi ile, mafiga tisa, moshi mpaka barabarani. Faridah alikuwa mzima. Anakunywa dawa zake, analala, mtoto mgongoni ananenepa. Alinawa mikono, akajifunga leso kiunoni, akasimama karibu na sufuria ya pilau hata kabla sijaita. Nyuma kabisa Jamilah alikuwa amesimama na mwiko wake, kama kawaida.

Niliita bamia. Niliita maharage. Nilipofika kwenye pilau nilimtazama mwanangu, nikaona ule mkono niliokuwa nimeufunga, na moyo ukanilainika kupita kiasi. Nikaogopa moto, nikaogopa moshi, nikaogopa macho ya wageni. Nikasema, "Pilau, Mama Kabiru."

Kisha nikamgeukia Faridah kwa ile sauti laini. "Wewe pumzika, mwanangu."

Hakubisha. Alifungua leso kiunoni polepole, akaikunja mara mbili, akaenda kukaa mkekani karibu na vikongwe. Bibi mmoja kipofu akampapasa goti na kumwambia, "Karibu."

"Mama Abdunoor!"

Ilikuwa sauti ya Jamilah. Alipenya katikati ya wanawake mpaka akasimama mbele yangu na mwiko wake, na kwa mara ya kwanza tangu matanga yale nilimwona ana hasira.

"Miaka saba unaniambia mimi pumzika," alisema. "Mimi iko choka na kupumzika! Hospitali waliniambia mimi napona. Hapa kwako mimi napumzika. Leo unatia mutoto yako kwa mukeka yangu! Ile kamba yako, mutu alikata siku kumi na mbili. Hii pumzika yako, nani atakata?"

Mama Kabiru, ambaye alikuwa ameshashika mwiko wa pilau, akasema pembeni, "Mwacheni, mwacheni, si munajua hali yake."

Nilitaka kumzaba kofi, sijui ni Jamilah au Mama Kabiru. Kuna watu wasiojua kusema jambo kwa adabu, na Jamilah ni mmoja wao, na alikuwa na haki kwa kila neno. Nilimtazama Faridah mkekani. Alikuwa anaangalia viganja vyake, bado vina maji ya kunawa.

"Weka mwiko chini," nilimwambia Mama Kabiru.

"Wageni wakisikia nani iko napika, nani atakula?"

"Atakula mwenye njaa. Weka chini." Kisha nikaita kwa sauti yangu yenyewe, ile inayosikika mpaka sokoni. "Pilau, Faridah binti Rabia! Nyama, Jamilah binti Sulaiti!"

Mama Kabiru alisusa akaondoka na wengine wawili. Waende. Faridah alinyanyuka mkekani bila kuniangalia, akafunga leso. Jamilah hakushukuru, hakutabasamu. Alikwenda kwenye mafiga ya nyama, akapiga magoti akapuliza moto, na mikono yake yenye makovu ilikuwa inatetemeka kuliko siku zote. Mimi sikusogea karibu. Nilisimama mbali nikiitazama ile mikono.

Adhuhuri nikapita kuonja, kama ninavyofanya kila arusi, mafiga baada ya mafiga, wanawake wote wakitazama. Bamia nzuri. Maharage yanahitaji moto. Nikafika kwa Jamilah. Nikachota kipande na mchuzi, nikaweka mdomoni.

Chumvi. Chumvi ya kuvunja meno. Mikono ya kutetemeka, miaka saba bila sufuria kubwa, alikuwa ametia mara mbili.

Nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja anawahi, "Iko tamu, sivyo? Iko tamu sana."

"Tamu wapi?" nikafoka. "Jamilah! Hii ni nyama au ni bahari? Unataka kuua wageni wangu kwa kiu? Miaka kumi na tisa jiko hili halijapika uchafu kama huu! Koplo Sulaiti angekucharaza!"

Jamilah alinitazama, mdomo wazi. Macho yakamjaa maji. Nikadhani nimemvunja. Kisha akatupa mwiko ndani ya sufuria.

"Nyama yako ndiyo mubaya!" alipiga kelele. "Umenunua ng'ombe muzee, anakufa mwenyewe njiani! Chumvi gani itasaidia ile? Leta maji, leta viazi, acha mudomo!"

"Nani ana mdomo?"

"Wewe! Kutoka zamani!"

Tuligombana pale mpaka viazi vikaletwa, na wanawake wakaanza kucheka, na mmoja akamwambia Jamilah kwamba leso yake imechanika nyuma. Akajibu huyo naye.

Nikafika mafiga ya mwisho. Faridah alisimama pembeni ya pilau yake, jasho linamtiririka, mtoto amelala mgongoni. Alinipa kijiko yeye mwenyewe.

Nikaonja. Ilikuwa imeungua chini, na moshi umepanda mpaka juu. Nilijua pale pale. Na niwaambie, kumfokea Jamilah ilikuwa rahisi, maana simpendi. Huyu nampenda kuliko macho yangu. Ulimi wangu ulishakunjwa kusema nzuri sana, mwanangu, nzuri sana. Jamilah alikuwa ameacha kukoroga, ananitazama. Faridah naye ananitazama, na nikaona anangoja uongo wangu, ameshauandalia tabasamu.

"Imeungua," nikasema. "Ina moshi. Umesinzia juu ya moto au nini?"

Tabasamu likamtoka. Akanipokonya kijiko.

"Kuni zako ni mbichi, mama!" Faridah alipaza sauti. "Nilikwambia juzi, kuni mbichi, hukusikia! Wewe husikii mtu! Sogea huko, unaniziba hewa!"

Nikasogea.